UZI: Manowari tatu za chuma za Wafaransa zilizosimama mbele ya ngome ya Kinburn mwaka 1855

Mzee wa Chelezo

Wakuu, habari za usiku. Vuteni viti, uzi huu si wa dakika mbili.

Mimi ni mtu wa Unguja, na habari hizi niliziingia kwa mlango wa nyumbani. Tuliosoma historia ya hapa tunaijua London, ile manowari kuukuu ya Waingereza iliyokaa bandarini Unguja kuanzia mwaka 1874, mashua zake zikitumwa kuyafukuza majahazi yaliyobeba watumwa. Ilikuwa meli ya mbao yenye mizinga 90, iliyoshushwa majini mwaka 1840. Siku moja nikataka kujua ilikuwa wapi kabla ya kuja kuzeekea kwetu. Nikaikuta mbele ya ngome za Sevastopol, bandari ya manowari za Warusi kwenye Bahari Nyeusi, tarehe 17 Oktoba 1854, katika vita vya Crimea.

Siku ile meli za mbao zilipata kipigo kibaya. Waingereza, Wafaransa na Waturuki walijipanga baharini wakazipiga ngome za mawe za Warusi kuanzia mchana hadi jioni, na ngome zikawajibu. London iliumia. Albion na Arethusa ziliondoka hoi. Kwenye Ville de Paris, meli ya admirali wa Wafaransa, kombora lilipasukia nyuma juu ya sitaha, walipokuwa wamesimama maofisa. Mamia ya mabaharia waliuawa au kujeruhiwa, na ngome zikabaki pale pale.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe ile ile ya 17 Oktoba, vyombo vitatu vya Kifaransa vilivyovishwa chuma vilitia nanga mbele ya ngome nyingine ya Warusi kwenye Bahari Nyeusi hiyo hiyo. Vilipigwa muda wa saa nne, wakafa watu wawili tu. Kila nikiona mtu ameandika kwamba mambo ya manowari za chuma yalianza na Wamarekani mwaka 1862, Monitor na Virginia, roho inaniuma. Hawa walitangulia kwa zaidi ya miaka 6, na leo ni wachache wanaojua hata majina yao: Dévastation, Lave na Tonnante.

Naendelea post inayofuata, naomba msikatize kwanza.

Mzee wa Chelezo

Tuanze na kilichowatia watu hofu. Mzinga wa zamani ulirusha tufe la chuma gumu. Likipiga ubavu wa mbao linatoboa tundu, seremala wa meli analiziba kwa kigingi, vita vinaendelea. Meli ya mbao ingeweza kupigwa hivyo saa nyingi isizame. Kisha akaja ofisa wa mizinga wa Kifaransa, Henri-Joseph Paixhans, na mzinga wa kurusha kombora lenye baruti ndani kwa mstari ulionyooka. Kombora linazama kwenye mbao, halafu linapasuka. Walilijaribu Brest mwaka 1824 kwenye meli kuukuu iliyoitwa Pacificateur, likaifumua.

Dunia nzima ilielewa maana yake tarehe 30 Novemba 1853, pale Sinop, pwani ya Uturuki. Admirali Nakhimov wa Urusi aliwakuta Waturuki bandarini wametia nanga, akawapiga kwa mizinga ya namna hiyo. Meli zao zikateketea, ikaponyoka stima moja tu. Takriban watu 3,000 walipotea.

Napoleon III, mtawala wa Ufaransa, alikuwa mtu wa mizinga mwenyewe, aliisomea na kuiandikia. Mwaka 1854 akaagiza vijengwe vyombo ambavyo kombora haliviwezi. Mabamba ya chuma yalipelekwa Vincennes, karibu na Paris, yakapigwa mizinga hadi ukajulikana unene unaofaa. Mpango ulikuwa vyombo 10, lakini viwanda vya Ufaransa vya wakati ule visingeweza kutoa mabamba ya vyote kwa haraka iliyotakiwa. Wafaransa wakajenga 5 na kuwapa Waingereza michoro ili nao wajenge 5. Moja ya hizo za Waingereza, Aetna, iliungua ikiwa bado juu ya chelezo, yaani pale meli inapojengewa.

Wafaransa waliziita betri zinazoelea. Betri hapa ni safu ya mizinga, msije mkafikiria ya tochi.

Sasa nawaomba muione kwa macho ya moyo. Chombo cha urefu wa mita 52 hivi na upana wa mita 13, yaani kifupi na kipana, omo (mbele) butu, tezi (nyuma) butu. Chini ni bapa, kinakaa majini chini ya mita 3, ili kikaribie ufukwe ambako meli kubwa ingekwama. Uzito karibu tani 1,600. Mataruma na mbao za mwaloni kama kawaida, unene wa karibu nusu mita, na juu ya mbao mabamba ya chuma cha kufua ya unene wa sentimita 11. Mizinga 16 mikubwa ya kurusha matufe ya ratili 50. Injini ndogo ya mvuke, mwendo wa noti 4 maji yakiwa shwari, yaani mtu anayetembea kwa haraka ufukweni anakwenda nao sambamba. Usukani ulikuwa mzito kutii, na tanga zilikuwa za kusaidia tu.

Ni chombo kibaya wa sura, na mimi nakipenda kwa sababu hiyo. Wajenzi walijiuliza swali moja tu: tunaweza kubeba chuma kiasi gani na bado tuelee kwenye maji machache? Mwendo wakauacha, umbo zuri wakaliacha, uwezo wa kuikabili bahari kuu wakauacha. Fundi asiyetaka kupoteza kitu angetoa chombo nusu nusu kisichofaa popote.

Fundi Kayoka

Mzee heshima yako. Mimi ni fundi wa kuchomelea, nafanya kazi za vyombo vya ziwani hapa Mwanza. Swali langu la kifundi. Sentimita 11 za chuma, enzi hizo hakuna kuchomelea, walishikiza vipi? Na kwa nini uweke mbao nyuma wakati una chuma kinene hivyo? Mbao si itaoza tu?

Mzee wa Chelezo

Fundi, umeuliza swali la msingi.

Yalishikizwa kwa boliti zilizopita kwenye bamba na kuingia kwenye mbao. Bamba lilitoka kiwandani limefuliwa kwa nyundo kubwa au limepitishwa kwenye magogo ya kuviringisha, kisha likakatwa lishikane na jirani yake bila mwanya.

Mbao ndiyo siri yenyewe. Miaka ya 1840 walijaribu meli za chuma chembamba bila mbao, na majaribio yakawatisha: tufe lilikipasua chuma, vipande vikaruka ndani kama visu. Waingereza waliifanya Birkenhead, iliyojengwa iwe frigeti ya chuma, yaani manowari ya ukubwa wa kati, kuwa meli ya kubebea askari, na shaka hiyo ilichangia. Bamba nene likilazwa juu ya mwaloni linapata godoro. Tufe linapiga, bamba linabonyea, mbao inameza mshtuko, boliti hazikatiki zote kwa mpigo mmoja.

Na wewe mtu wa vyuma utaelewa hili kuliko sisi: matufe ya Warusi yalikuwa ya chuma cha kuyeyusha na kumimina kwenye kalibu. Chuma hicho ni kigumu lakini kinavunjika. Kikigonga chuma cha kufua, ambacho kinapinda kabla ya kukatika, kinachovunjika ni tufe.

Fundi Kayoka

Hapo nimekupata kabisa. Chuma cha kalibu ukikipiga nyundo vibaya kinakatika kama kigae. Nimeshika kazi za mashine kuukuu, najua. Endelea mzee.

Mzee wa Chelezo

Kinburn sasa.

Kinburn ni ulimi wa mchanga unaofunga mlango wa maji ya mito ya Dnieper na Bug, leo ni Ukraine. Ukiushika ulimi ule umeziba njia ya kwenda Nikolaev, walikokuwa wakijenga meli za Urusi. Warusi walikuwa na ngome ya mawe na betri mbili nyingine kuelekea ncha ya mchanga, askari karibu 1,500 chini ya Jenerali Kokhanovich.

Betri zetu tatu zilikuwa zimetengenezwa kwa ajili ya Sevastopol, lakini zilichelewa. Zilitoka Ufaransa Agosti 1855, zikikokotwa na frigeti za mvuke zenye magurudumu ubavuni, maana kwa injini zao zenyewe zisingefika. Sevastopol ikaanguka Septemba. Ndipo zikapelekwa Kinburn chini ya Admirali Bruat, pamoja na kundi kubwa la meli za Kifaransa na Kiingereza. Tarehe 15 Oktoba jeshi lilishushwa nyuma ya ngome, njia ya kukimbilia ikafungwa. Tarehe 16 bahari ilichafuka, wakangoja.

Tarehe 17, saa tatu asubuhi na ushee, Dévastation, Lave na Tonnante zilikuwa zimetia nanga kiasi cha kilomita moja kutoka kwenye kuta. Meli kubwa za mbao zilibaki nyuma yao. Ndani ya betri watu walifungiwa chini ya sitaha pamoja na mizinga, moshi, na joto la mashine. Mwanga uliingia kwa matundu ya mizinga tu. Warusi walizilenga hizo tatu zilizokuwa karibu. Dévastation na Tonnante kila moja ilipigwa zaidi ya mara 60. Matufe yaliacha vibonyeo vya sentimita chache kwenye bamba, yakadondoka baharini vipande vipande. Kwa upande wao, betri tatu zilirusha zaidi ya matufe na makombora 3,000 kwa saa nne. Kuta za mawe zikaanza kumomonyoka, mizinga ya Warusi ikanyamaza mmoja mmoja. Adhuhuri meli kubwa zikasogea kumalizia. Mchana, kabla ya saa nane, Kokhanovich alisalimu amri.

Kwenye betri walikufa watu wawili, majeruhi ishirini na kitu. Lave haikupoteza mtu. Na wale walioumia hawakuumizwa kupitia chuma. Tufe liliingia kwa tundu la mzinga, au kwa mlango wa sitaha ambao mbao zake hazikuzibwa vizuri. Bamba lenyewe halikutobolewa hata moja.

Muhindo wa Goma

Ndugu yangu, aksanti sana kwa hii habari. Sisi wa huku tunasoma Kifaransa, nimeona majina nikatetemeka. Dévastation ni maangamizi. Tonnante ni ile inayonguruma kama radi. Na Lave ni lava, ule uji wa moto wa volkano. Sisi wa Goma hatuhitaji kuelezwa, volkano ya Nyiragongo ilitushukia mjini mwaka 2002, na 2021 ikafika tena ukingoni mwa mji. Mtu aliyeita meli jina hilo alitaka adui aogope kweli. Na zile mbili zingine za Wafaransa ziliitwaje?

Mzee wa Chelezo

Ndugu Muhindo, Foudroyante, yaani ile inayopiga kwa radi, na Congrève, jina la Mwingereza aliyetengeneza maroketi ya vita. Hizo mbili hazikufika Kinburn. Hata za Waingereza, Glatton na Meteor, zilifika mapigano ya Kinburn yamekwisha.

Kisiki cha Mpingo

Mzee, nimesoma yote na nakupongeza kwa kazi. Ila nina hoja na sitaificha.

Unaipa chuma sifa zote. Mizinga ya Warusi pale Kinburn ilikuwa midogo, mingi ya ratili 24 kushuka chini. Haikuwa Sevastopol. Ngome ilizingirwa nchi kavu na jeshi la Jenerali Bazaine wa Ufaransa, mashua za vizinga zilikuwa zinaidondoshea makombora kutoka juu, meli kubwa za mbao zilikuwepo kwa wingi. Ngome ile ingeanguka tu hata bila hizo betri. Ukiweka mtu mwenye ngao mbele ya mtoto mwenye manati, huwezi kusema umeijaribu ngao.

Mzee wa Chelezo

Kisiki, hoja yako ni ya kweli nusu yake, na nusu hiyo nakupa mikono miwili. Kokhanovich hakuwa na namna. Hata Uingereza wakati ule walikuwepo wataalamu waliosema hivyo hivyo, kwamba mzinga mzito zaidi ungeleta matokeo mengine. Na miaka iliyofuata mizinga iliongezeka nguvu kweli, ikabidi mabamba yaongezeke unene, na mbio hizo hazikwisha karne nzima.

Ila tufe la ratili 24 lilikuwa linaua watu kwenye meli za mbao kila siku. Chukua meli ya mbao, uiweke kilomita moja kutoka ngome ile, ipigwe mara 60 na zaidi bila kusogea. Ungehesabu maiti sitahani. Hapa wamekufa wawili, kwa tundu na mlango. Suala la nani aliiangusha ngome mimi sina ugomvi nalo. Ninachosema ni kwamba siku ile, kwa mara ya kwanza katika vita, watu walikaa nyuma ya bamba la chuma wakapigwa na wakaendelea kujaza mizinga yao. Bruat alimwandikia waziri wake kwamba yote yanaweza kutarajiwa kutoka kwa mashine hizi za kutisha. Huyo ni admirali aliyeanza ubaharia enzi za tanga.

Angalia na kilichofuata. Mwaka 1858 mhandisi Dupuy de Lôme alianza kuijenga Gloire pale Toulon, manowari ya baharini kabisa, mbao zilizovishwa chuma kama betri. Ikashushwa Novemba 1859. Waingereza wakajibu na Warrior mwaka 1860. Ufaransa haikuanza tena kujenga meli kubwa za vita za mbao tupu. Hayo yote ndani ya miaka mitano na ushee baada ya Kinburn.

Kisiki cha Mpingo

Hilo la tundu na mlango sikuwa nimelipima hivyo. Nakubali kwenye upande wa watu. Kwenye upande wa mizinga nabaki na msimamo wangu.

Mwanafunzi_Mtwara

Shikamooni wakubwa. Nimewahi kusoma kwamba Wakorea walikuwa na meli za kobe zenye chuma mwaka 1592. Hao si ndio wa kwanza?

Mzee wa Chelezo

Marahaba mwanangu. Meli za kobe za Admirali Yi Sun-sin zilikuwepo na zilipigana vizuri, zikiwa na paa lenye miiba ya chuma. Kama paa lenyewe lilifunikwa mabamba, wanahistoria hawajakubaliana, ndiyo maana mimi sikuziweka.

Ila nikupe mfano wa karibu zaidi na betri hizi, na ni wa kusikitisha. Mwaka 1782 Wahispania na Wafaransa walikuwa wanaizingira Gibraltar. Mhandisi wa Kifaransa, d'Arçon, akatengeneza betri zinazoelea 10: ubavu wa mbao nene mno, mchanga uliolowanishwa katikati ya mbao, na mabomba ya kuzungusha maji ili zisiwake moto. Akili nzuri kabisa. Tarehe 13 Septemba zikasogezwa. Waingereza wakazipiga kwa matufe yaliyookwa tanurini yakawa mekundu. Mwanzoni matufe yalionekana kuzimika, lakini moto ulikuwa unafuka ndani ya mbao. Usiku zikawaka, nyingine zikalipuka. Hakuna iliyorudi, na mamia ya watu walikufa. D'Arçon aliona wapi pa kukinga. Alichokosa ni kiwanda cha kumtengenezea bamba, na kiwanda hicho kilikuja miaka 70 baadaye.

Bint Shangani

Kaka Mzee wa Chelezo, mimi umenigusa kwenye London. Hapa nyumbani anayesimuliwa zaidi ni Kapteni Brownrigg, aliyeuawa Desemba 1881 karibu na Pemba kwenye jahazi la watumwa. Alikuwa kapteni wa hiyo hiyo London. Sikuwahi kujua kwamba meli yenyewe ilikuwa Crimea. Hivi kwa nini waliileta meli ya zamani hivyo?

Mzee wa Chelezo

Dada, ni kwa sababu ya haya haya tunayoyazungumza. Baada ya Gloire na Warrior, meli kubwa ya mbao haikuwa na nafasi tena mstari wa mbele. Waliitia injini mwaka 1858, lakini wakati wake ulikuwa umekwisha. Meli kama ile ikabaki na kazi ya kukaa bandarini: ghala, hospitali, mahali pa kulala mabaharia, na pa kutokea mashua. Ilivunjwavunjwa mwaka 1884.

Kuna mwingine aliyepita bahari yetu. Nahodha wa Tonnante pale Kinburn aliitwa Dupré. Mwaka 1862 huyo huyo, akiwa mkuu wa manowari za Wafaransa upande huu wa Bahari ya Hindi, alitia saini mkataba na Mfalme Radama II wa Madagaska, kisha akawa gavana wa Réunion.

Muhindo wa Goma

Na zile tatu ziliishia wapi, ndugu? Zilizama?

Mzee wa Chelezo

Hapana. Majira ya baridi ya 1855 hadi 1856 zilibaki pale pale Kinburn kulinda ulimi ule, zikashikwa na barafu, mabaharia wakiishi ndani ya sanduku lile la chuma kwenye baridi ya Urusi. Mwaka 1859 zilipelekwa Adriatiki kwenye vita vya Italia. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 zikafutwa kwenye orodha.

Wafaransa waliendelea kujenga betri nyingine kwa ulinzi wa bandari. Moja waliipa jina Paixhans, la yule yule aliyeleta mzinga wa makombora. Nyingine iliitwa Arrogante, ya miaka ya 1860. Hii ndiyo inayonikaa moyoni. Ilikuja kutumika kufundishia wapiga mizinga karibu na Hyères, kusini mwa Ufaransa. Machi 1879 dhoruba iliikuta hapo. Chombo bapa, kizito juu, kilichojengwa kwa maji ya bandari, hakikuyaweza mawimbi. Kikazama karibu kabisa na ufukwe, na zaidi ya mabaharia 40 walikufa maji, wengi wao vijana waliokuwa mafunzoni.